Mtaji wa Mama: Wanawake, Biashara na Uongozi Arua na Koboko

Wanawake wa Arua na Koboko walishika biashara muda mrefu kabla ya kushika ofisi. Miji hii miwili ya West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, imeachana kwa kilomita 55 hivi, na yote imekaa ukingoni kabisa mwa nchi. Magharibi mwa Arua mpaka wa Kongo uko karibu kiasi kwamba mchuuzi huvuka asubuhi na kurudi jioni. Kaskazini mwa Koboko kuna kituo cha Oraba, kinachotazamana na Kaya ya Sudan Kusini, na si mbali na hapo nchi tatu zinagusana. Walugbara na Wakakwa wanaishi huku na huko mipakani: shangazi yuko Kongo, mjomba yuko Yei ya Sudan Kusini, binti ameolewa Koboko. Undugu huo ulikuwa njia ya bidhaa kabla ya barabara yoyote, na walioutunza kwa kutembeleana, kuuguzana na kuzikana walikuwa zaidi wanawake.

Mipaka yenyewe ni ya juzi. Eneo hili lilikuwa sehemu ya Lado, nchi aliyokodishiwa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji mwaka 1894. Leopold alifariki Desemba 1909, Lado ikarudishwa Sudan mwaka 1910, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikatiwa Uganda. Mwaka huohuo Mwingereza A. E. Weatherhead, mkuu wa kwanza wa wilaya, akafungua boma la Arua. Serikali ya kikoloni ilidai kodi, na kwa njia ya kodi ikapata vibarua. Wanaume wa West Nile walikwenda mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi na mashamba ya Buganda. Wengine waliingia jeshini. Nyumbani jembe, watoto na chakula cha mwaka mzima vikabaki mikononi mwa wanawake.

Ardhi ilikuwa ya ukoo wa mume, na mifugo ya mahari ilitoka kwa wanaume ikaenda kwa wanaume. Hata hivyo kila mke wa Kilugbara alikuwa na nyumba yake, vipande vyake vya shamba na ghala lake la nafaka. Ghala hilo ndilo mtaji wa kwanza katika historia hii. John Middleton, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti kwa Walugbara kati ya miaka ya mwisho ya 1940 na ya mwanzo ya 1950, aliandika kuhusu masoko yao na kuonyesha kuwa masoko ya kukutana siku maalumu yalikuwa jambo geni lililokuja na utawala wa kikoloni. Kabla yake watu walibadilishana vitu kwa undugu na ujirani. Soko lilimpa mwanamke kitu ambacho undugu haukuweza kumpa: ziada ya ghala lake iligeuka sarafu, na sarafu ilifungwa katika pindo la nguo yake mwenyewe.

Bidhaa iliyoleta sarafu hiyo kwa haraka zaidi ilikuwa pombe. Kwete, pombe ya mahindi na ulezi inayonywewa West Nile hadi leo, ni kazi ya hesabu tangu mwanzo. Unga wa mahindi hulowekwa uchachuke, hukaangwa juu ya moto mpaka ubadilike rangi, huchanganywa na kimea cha ulezi na maji, kisha huachwa siku kadhaa kabla ya kuchujwa. Pombe haisubiri. Isiponywewa kwa wakati wake inachacha mno, na nafaka, kuni na siku zote hizo zimepotea. Kwa hiyo mpikaji alilazimika kujua siku ya soko, siku ya mshahara wa makarani wa boma na siku ya msiba, na kuanza kuloweka kwa kurudi nyuma kutoka siku hiyo. Alilazimika pia kutenga nafaka ya kupikia mara inayofuata kabla ya kula faida. Huo ni uendeshaji wa biashara kwa maana kamili, ingawa haukuandikwa popote. Serikali iliutambua pale tu ilipotaka kuudhibiti: sheria ya enguli, yaani gongo, ya mwaka 1965 ilipiga marufuku kutengeneza pombe kali bila leseni, na wapikaji wadogo wa gongo, wengi wao wanawake, wakajikuta nje ya sheria kwa kazi iliyokuwa ikiwalisha.

Kundi jingine lililotangulia sokoni ni wanawake wa Kinubi. Wanubi wa Uganda ni wazao wa askari wa Kisudani wa gavana Emin Pasha na wa familia zao. Waliishi mijini, karibu na kambi na maboma, wakafuata Uislamu na kusema Kinubi, Kiarabu kilichopikwa upya kambini. Kwa kuwa hawakuwa watu wa shamba kubwa, wanawake wao waliuza kazi ya mikono: vyakula vilivyopikwa, mapambo, na vile vifuniko vya ukindu vya rangi kali ambavyo bado vinatambulika mara moja kuwa vya Kinubi. Kinubi na Kiswahili ndizo zilizokuwa lugha za sokoni Arua na Koboko, na aliyezijua aliweza kuuza kwa askari, kwa Mkongo na kwa Msudani bila mkalimani.

Shule na zao la biashara havikuwasaidia wanawake kwa kiwango hicho. Wamisionari wa Africa Inland Mission walifika Arua mwaka 1918, na Wakatoliki wa shirika la Verona walijenga misheni yao Ediofe nje kidogo ya mji. Wasichana walifundishwa, lakini wachache, na masomo yao yalielekezwa zaidi kwenye uuguzi, ualimu na utunzaji wa nyumba. Tumbaku ikawa zao kuu la fedha, ikinunuliwa na kampuni ya British American Tobacco. Kazi ya kuotesha miche, kumwagilia, kuchuma na kufunga majani ilikuwa ya nyumba nzima. Malipo yalimfikia aliyeandikishwa, na aliyeandikishwa kwa kawaida alikuwa mume. Hapa pana chanzo cha jambo linaloonekana vizazi vyote vilivyofuata: mwanamke wa West Nile alijifunza mapema kwamba kazi ambayo jina lake halimo daftarini haitamlipa, na kwamba sokoni hakuna daftari.

Idi Amin, mzaliwa wa jamii ya Wakakwa wa Koboko, alichukua nchi Januari 1971. Mwaka 1972 aliwafukuza Waasia, na maduka yao yakagawiwa. Mwaka 1973 akatangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Wanaume wengi wa West Nile walipata vyeo na maduka katika miaka hiyo, na kumbukumbu za wengine nchini bado zinaiona West Nile nzima kama iliyonufaika. Ukweli wa vijijini ulikuwa mwingine. Uchumi ulipoporomoka, sabuni, sukari na chumvi viliadimika, na magendo yakawa njia ya kawaida ya kuishi. Kahawa na nafaka zilitoka, sabuni na vitenge vikaingia. Mwanamke aliyekuwa na dada upande wa pili wa mpaka alikuwa na ghala lisiloonekana na polisi.

Kisha vita vikafika nyumbani. Majeshi ya Tanzania yaliifikia West Nile mwishoni mwa vita vya 1979 vilivyomwangusha Amin, bila mauaji makubwa ya raia, na wengi waliokimbia walirudi. Balaa lilikuja mwaka uliofuata. Oktoba 1980 askari wa zamani wa Amin walivamia kutoka Sudan na Zaire (Kongo ya leo), na jeshi jipya la Uganda, UNLA, likalipiza kisasi kwa raia. Tarehe 24 Juni 1981 askari waliwaua watu waliokuwa wamejihifadhi katika misheni ya Ombachi, karibu na mji wa Arua. Mamia ya maelfu walivuka mpaka. Miji ya Arua na Koboko ikawa karibu mitupu.

Miaka hiyo ya ukimbizini ndiyo shule kuu ya biashara katika historia ya wanawake wa eneo hili, na haijapewa uzito unaostahili. Barbara Harrell-Bond, aliyechunguza maisha ya wakimbizi wa Uganda katika eneo la Yei mwaka 1982 na 1983 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1986, alionyesha jinsi msaada rasmi ulivyokuwa haba kuliko ulivyosifiwa, na jinsi watu walivyoishi kwa juhudi zao wenyewe. Wengi hawakukaa kambini kabisa. Walipanga kwa wenyeji na kufanya leja-leja, yaani kibarua cha siku kilicholipwa kwa chakula au fedha kidogo. Wanaume waliokuwa askari au makarani walipoteza kazi, cheo na mara nyingi uhuru wa kutembea, maana kila mwanaume alishukiwa kuwa mpiganaji. Mwanamke aliweza kupita. Alilima leja-leja asubuhi, akapokea mihogo, akaisaga, akauza unga, akanunua chumvi, akaigawa chumvi hiyo katika mafungu madogo kwa bei ya faida. Kutoka kikapu cha mihogo hadi fungu la chumvi ni hatua chache tu, lakini kila hatua inataka mtu asiyekula mtaji hata akiwa na njaa. Upande wa Zaire, soko la Ariwara lilikua haraka katika kipindi hicho kwa sababu wafanyabiashara wa Arua walihamia huko pamoja na wateja wao.

Watu waliporejea kwa wingi katika nusu ya pili ya miaka ya 1980, walirudi na soko la Ariwara kichwani. Mtafiti Kate Meagher, katika makala iliyochapishwa mwaka 1990, aliieleza biashara ya kaskazini-magharibi mwa Uganda kuwa mfumo kamili wenye masoko yake, sarafu zake na bei zake, usiotegemea Kampala. Barabara ya kwenda Kampala ilikuwa mbovu na baadaye ya hatari kwa sababu ya waasi, hivyo Arua iliangalia zaidi Kongo. Mgawanyo wa kazi ukawa wazi. Dhahabu, kahawa na malori vilikuwa mikononi mwa wanaume wakubwa wachache. Vijana waliorudi ukimbizini walichukua mafuta ya magari, wakayauza kwenye madumu kandokando ya barabara, na mji ukawaita OPEC Boys. Wanawake walikamata chakula, samaki na nguo.

Sehemu hiyo ya wanawake huonekana ndogo kwa anayehesabu malori. Kwa anayehesabu watu, ndiyo soko lenyewe. Mwuza unga wa muhogo hupima kwa basini, hujaza mpaka ncha isimame, kisha huongeza konzi ya nyongeza kwa mteja wa kila siku. Mwuza angara, samaki wa Nile anayekaushwa Panyimur na kuuzwa Arua, huwapanga kwa ukubwa juu ya gunia ili mteja achague kwa fedha aliyonayo, hata kama ni ya samaki mmoja. Mwuza vitenge huvikunja ili ukingo wenye jina la kiwanda uonekane, na hupokea shilingi ya Uganda, faranga ya Kongo au dola, akibadili kichwani kwa bei ya asubuhi hiyo. Asiyejua bei ya asubuhi hupoteza faida ya wiki. Ujuzi huu hautolewi cheti, nao ndio uliowapitisha watoto wa kizazi kizima katika shule za Arua.

Fedha za kuendeshea biashara hizo hazikutoka benki. Zilitoka kwenye upatu, ambao upande wa Kongo huitwa likelemba na upande wa Sudan huitwa sanduku: kila mmoja huchanga, na mmoja mmoja hupokea zote kwa zamu. Baadaye likaja kundi la akiba na mikopo lenye kisanduku cha chuma na kufuli tatu, mtindo ulioanzishwa na shirika la CARE huko Maradi, Niger, mwaka 1991 na kusambaa Afrika nzima, Uganda ikiwamo. Funguo tatu hukaa kwa wanachama watatu tofauti, na kisanduku hufunguliwa mbele ya wote. Hapo wanawake wengi walishika kwa mara ya kwanza vyeo vya mwenyekiti, katibu na mweka hazina, wakajifunza kusoma hesabu kwa sauti mbele ya kikao na kumkatalia mkopo ndugu yao wa damu. Wengi waliokuja kuwa madiwani na wajumbe wa kamati za shule na zahanati walipita mlango huo. Kampala pia kulikuwa na juhudi rasmi: mfuko wa wanawake wa fedha na mikopo ulioanza mwaka 1984 ulikua hatua kwa hatua mpaka mwaka 2013 ukawa benki kamili, Finance Trust Bank.

Mkataba wa amani wa Sudan wa mwaka 2005 ulifungua ukurasa mwingine. Juba, mji uliokuwa umezingirwa miaka mingi, ulihitaji kila kitu, na njia fupi ilipita Koboko, Oraba, Kaya na Yei. Mwaka huohuo Koboko ikatengwa na Arua na kuwa wilaya yake. Nyumba za wageni, stoo na vibanda vya kubadili fedha viliota kando ya barabara. Wanawake walipeleka nyanya, mayai na nguo Juba na kurudi na dola. Barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, yenye kilomita 92, ikawekwa lami katika muongo uliofuata. Vita vya Desemba 2013 na Julai 2016 vilikata biashara hiyo kikatili. Baadhi walipoteza bidhaa, deni na wateja kwa siku moja. Wakimbizi walimiminika West Nile, kambi ya Bidi Bidi ikafunguliwa Yumbe mwaka 2016, na mwanamke aliyekuwa akiuza Juba akaanza kuuza kambini, kwa watu walewale.

Uongozi rasmi ulikuja kwa njia ya siasa kwanza. Serikali ya vuguvugu la NRM ilitenga kiti cha mwanamke kwa kila wilaya mwaka 1989, na katiba ya 1995 ikakithibitisha. Margaret Baba Diri, mwalimu asiyeona, aliingia bungeni mwaka 1996 kuwakilisha watu wenye ulemavu na baadaye akawa mbunge mwanamke wa Koboko. Evelyn Anite, aliyezaliwa Koboko mwaka 1984 na kusomea uandishi wa habari Mukono, alikuwa mbunge wa vijana mwaka 2011, waziri wa nchi wa vijana mwaka 2015, na mwaka 2016 akapewa wizara ya nchi inayoshughulikia uwekezaji na ubinafsishaji, pamoja na kiti cha Manispaa ya Koboko. Kiti hicho hakubaki nacho katika uchaguzi wa 2021, ingawa uwaziri alibaki nao. Wapiga kura wa Koboko na mamlaka ya uteuzi wa Kampala hawampimi mtu kwa mizani moja.

Kielelezo kizito zaidi cha uongozi wa taasisi, hata hivyo, kiko Arua, mahali paitwapo Muni. Profesa Christine Dranzoa, aliyezaliwa Adjumani mwaka 1967, alisomea zoolojia Makerere na akawa bingwa wa ndege wa msituni. Utafiti wake kuhusu ndege wa msitu wa Kibale, miaka 23 baada ya miti kukatwa humo, ulichapishwa mwaka 1998. Alipanda hadi kuwa naibu mkurugenzi wa masomo ya uzamili Makerere, na alihudumu katika uongozi wa FAWE, jumuiya ya wanawake waelimishaji wa Afrika iliyoanzishwa mwaka 1992. Kisha akapewa kazi ya kujenga chuo kikuu cha umma mahali ambapo hapakuwa na chuo kikuu cha umma. Muni kilianzishwa kisheria mwaka 2013, naye akawa Makamu Mkuu wake wa kwanza, yaani mtendaji mkuu anayebeba bajeti, ajira, majengo na nidhamu. Alikiongoza hadi alipofariki Juni 2022.

Kwa kipimo cha kawaida cha wasomi wa Kampala, kutoka Makerere kwenda Arua ni kushuka. Ofisi inahama kutoka katikati ya nchi hadi pembezoni, maktaba inabaki nyuma, na mtafiti anageuka mtu wa kufuatilia matofali na mafaili ya hazina. Kwa kipimo cha West Nile ni kinyume kabisa. Wilaya ambazo watoto wake walisafiri mamia ya kilomita kutafuta digrii zilipata chuo nyumbani, na binti wa mwuza angara aliweza kusoma huku akilala kwa mama yake. Kipimo hiki cha pili ni kilekile kilichotumika sokoni miaka yote: mtu aliyefanikiwa ni yule ambaye mtaji wake ulirudi mzima na ukasomesha. Mwanaume tajiri wa Arua alijulikana kwa lori. Mwanamke tajiri alijulikana kwa idadi ya watoto, wake na wa ndugu, waliomaliza shule kwa mkono wake. Kuipima ofisi kwa mizani hiyo si kuishusha. Ni mizani migumu kuliko mshahara, kwa sababu mshahara unaweza kulipwa hata pale ambapo hakuna kilichojengwa.

Kikwazo kimoja kimedumu tangu enzi za ghala la nafaka, nacho ni ardhi. Katiba ya 1995 inatambua usawa wa mwanamke, na sheria ya ardhi ya 1998 inadai ridhaa ya mwenzi kabla ya kuuza ardhi ya familia, lakini sehemu kubwa ya ardhi ya West Nile ni ya kimila na haina hati. Benki hutaka hati. Hivyo mfanyabiashara mwenye miaka ishirini ya kuzungusha mali mipakani anaweza kukosa mkopo ambao kijana mwenye kiwanja cha urithi anaupata. Wanawake wengi walijibu kwa kununua kiwanja mjini, mara nyingi kabla ya kujenga chochote, na kuandikisha majina yao wenyewe. Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016 na Kongo mwaka 2022, Arua ilipewa hadhi ya jiji Julai 2020, na bei za viwanja zimepanda pamoja na mambo hayo. Waliowahi kununua ndio leo wenye nyumba za kupangisha na stoo za jumla Arua na Koboko. Waliochelewa wanapanga meza zao kwa waliowahi, na mikopo ya serikali kwa biashara za wanawake itawafaa kidogo mpaka umiliki wa kimila utakapoandikwa kwa majina ya wanaoulima.